Unampenda kwa moyo wote, na bado ni mtu huru: tuzungumze, wana Kigoma na wengine

FundiMaji (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu, na wakubwa shikamooni. Jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu, leo naliandika lote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Mimi ni fundi wa injini za boti, kazi zangu nyingi ziko mwalo wa Kibirizi. Mke wangu ni mfanyabiashara. Anachukua bidhaa za dukani hapa mjini, anapanda boti za abiria kwenda vijiji vya kaskazini, Mwamgongo hadi Kagunga kule mpakani na Burundi, anarudi na madumu ya mawese. Anayeijua njia ile anajua ratiba yake: boti zinatoka Kibirizi mchana, zinarudi asubuhi. Kwa hiyo akienda, analala. Na dagaa wakiwa wengi kuna safari nyingine za treni, kusindikiza mzigo mpaka Tabora au Dar.

Swali ninaloulizwa kuliko yote pale mwaloni, na watu wazima ninaowaheshimu, ni hili: "Unamruhusuje?"

Simruhusu. Hajawahi kuniomba ruhusa wala mimi sijawahi kumpa. Ananiambia. Na ndilo jambo lililonifanya nianzishe uzi huu, kwa sababu naona nyumba nyingi zinachanganya kuambiwa na kuombwa, na zinaumia hapo.

Jioni ya kuamkia safari tunakaa. Ananiambia anapanda boti ya nani, amebeba nini, atafikia kwa nani, hela kiasi gani ameondoka nayo na kiasi gani ameacha kabatini, mtoto mdogo anywe dawa saa ngapi. Na mimi namwambia ninachokijua: injini ya boti hiyo niliifungua juzi, plagi ni mpya, nenda. Au: hiyo usipande, kabureta inavuja na mwenyewe anajua, hataki tu kutoa hela ya kutengeneza. Miezi ya Juni na Julai upepo wa kusi ukikaza namwambia waziwazi kwamba naogopa. Kuna safari amenisikiliza akaahirisha. Kuna safari amenisikiliza akaenda. Zote mbili alikuwa na haki nazo.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, duniani linatanguliwa na Baikal peke yake. Mtu wako akiwa juu ya maji ya namna hiyo, kujua yuko boti gani na atashuka wapi ni sehemu ya kumpenda. Ndiyo maana mimi siwaelewi wanaosema uhuru maana yake usiulize, usiulizwe. Nauliza sana. Lakini nauliza ili nikihitajika nijue pa kwenda, siulizi ili nihukumu kama anafaa kutoka au hafai.

Sasa tazama nyumba ya ruhusa inavyokuwa. Nawajua wawili, siwataji, hata mtaa siutaji. Mama anauza dagaa, na dagaa wanashuka alfajiri. Ukifika jua limetoka, mzigo mzuri umeshaondoka na bei imepanda. Mume akapiga marufuku kutoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Mama akawa anaaga anakwenda kumsaidia mama yake kukanda miguu, kisha anashuka mwaloni. Siku mtoto wao alipopandisha homa kali, baba alikimbilia kwa mama mkwe, hayupo. Akapiga simu, imezimwa. Aliizima kwa sababu alijua akiipokea, kelele za wabebaji na injini zitasikika. Yule baba alitaka kujua kila hatua ya mkewe, na siku aliyomhitaji kweli ndiyo siku ambayo hakujua hata aanzie wapi kumtafuta. Anayeombwa ruhusa kila siku atadanganywa, hata na mtu mwema.

Jambo la pili. Nusu ya wateja wangu ni wavuvi wa dagaa. Siku za giza wanatoka jioni na taa zao, wanarudi alfajiri. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, ndipo wanapumzika na kutengeneza nyavu. Wengine wanahamia makambi ya mbali, anaonekana nyumbani mara moja moja. Sijawahi kusikia mke wa mvuvi akiulizwa "unamruhusuje?" Anaambiwa "pole na upweke, mwombee arudi salama." Safari ya mume inaitwa kutafuta riziki. Ya mke inaitwa kutangatanga. Ziwa ni hilo hilo, boti ni zile zile, injini nimezifunga mimi.

Mwaka 2024 uvuvi ziwani uliposimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, haya nimeyaona kwa macho. Wanaume walikaa nyumbani kuliko walivyowahi kukaa tangu waoe. Nyumba nyingi zilikula kwa mihogo, mawese na vitumbua vya akina mama. Kuna wanaume walishika ndoo, wakabeba mizigo ya wake zao mpaka sokoni, wakakaa na watoto. Kuna wengine, maadam wako nyumbani, wakaanza kuhesabu dakika: umetoka saa ngapi, mbona umechelewa, yule aliyekusalimia ni nani. Mke yule yule aliyeaminiwa miaka yote mume akiwa majini usiku kucha, leo haaminiki mchana kweupe. Imani haikupungua kwa sababu ya kosa lolote la mke. Kilichotokea ni kwamba mume alikosa kazi, na hofu ya kukosa kazi akaigeuza kuwa kazi ya ulinzi.

Kuna kisa cha hapa hapa kwetu ambacho nakipenda. Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe, wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake. Lazima awe na mtu. Aliyekuja naye ni mama yake mzazi, Vanne. Fikiria mama angeweza kufanya nini na nafasi ile: kumwambia binti usipande mlima ule, rudi kabla ya jua kuchwa. Yeye alibaki kambini ufukweni, akafungua kijizahanati cha kuwapa dawa ndogo ndogo wavuvi na familia zao, na kwa njia hiyo akamjengea binti yake ujirani mwema na wenyeji. Binti akapanda milima yake. Baada ya miezi michache mama akarudi Uingereza, binti akaendelea. Alipelekwa pale kama mlinzi, yeye akajifanya msaidizi. Najua huyo ni mzazi, siyo mwenza. Lakini mwenza anayependa namtaka awe vile.

Na hapa nisieleweke vibaya. Simwachi mke wangu huru kwa sababu simjali. Akiwa Kagunga, kitanda kinanishinda. Naamka kabla ya boti, nateremka mwaloni nasimama na watu wa mikokoteni, naangalia kaskazini mpaka niione. Akishuka napokea madumu, nampa chai ya tangawizi kwenye chupa, namwangalia miguu kama imevimba. Wivu ninao, tena mwingi. Kuna mteja wake mmoja kule ambaye jina lake likitajwa moyo unanidunda. Nilimwambia hivyo hivyo: "Mama, jina lile linanipa wivu." Sikumwambia aache kumuuzia. Akacheka, akanieleza yule mtu ni nani na familia yake, akaniambia nikipenda niende naye safari inayofuata. Nilikwenda. Wivu haukuisha wote, lakini umebaki mkononi mwangu, ni mzigo wangu, sijamtwisha yeye aubebe pamoja na madumu.

Simu yake naipokea akiniambia pokea. Asiponiambia, inaita mpaka inanyamaza.

Nimemaliza kwa leo. Karibuni tujadiliane, na matusi tafadhali tuyaweke pembeni.

---

MwangaKatikati

Fundi nakuheshimu, injini yangu umeishika wewe. Lakini hapa umeteleza. Mke analala ugenini na wewe unasema "haombi ruhusa". Sisi Waha mwanamume ndiye kichwa cha nyumba. Mimi nilitoa ng'ombe kwao, sikuchukua mke wa bure. Siku atakapochepuka utakuja humu kulia, na tutakukumbusha uzi huu.

FundiMaji

Kaka, nashukuru umesema wazi. Mahari na mimi nilitoa, na wazee wangu walikaa na wazee wake mpaka usiku. Niliwapa wazazi heshima na shukrani kwa kunilelea mtu. Sikumbuki popote kwenye mazungumzo yale palipotajwa kwamba natoa kwa ajili ya miguu yake isitembee.

Kuhusu kuchepuka: anayetaka kuchepuka hahitaji kwenda Kagunga. Saa moja ya kwenda gengeni inamtosha. Nikimzuia safari nitakuwa nimezuia mawese, ada ya watoto na furaha yake, uaminifu wake utabaki pale pale ulipokuwa, kwake mwenyewe. Hakuna kufuli la kufunga hilo, kaka. Ningelijua ningekuwa tajiri, maana wengi wangelinunua.

---

MamaDagaa

Jamani mmenigusa. Mimi naongea kama mwanamke. Mume wangu wa kwanza alikuwa ananipenda, watu wote walijua, hata mimi nilijua. Akinunua samaki ananichagulia kuhe mzuri. Nikiumwa halali. Lakini hela ya biashara yangu lazima nimkabidhi yote jioni, kisha asubuhi ananipa mtaji kama mfanyakazi. Namba ya siri ya simu ya pesa aliiweka yeye. Mteja akilipa, ujumbe anausoma yeye kwanza.

Nilikuwa sipigwi, situkanwi. Nikienda kwa mama kulalamika nasikia, "Mume anakupenda, unataka nini?" Nilikosa hata neno la kusema ninachotaka. Nilichotaka ni kununua jozi ya viatu bila kueleza kwa nini.

Ndugu zangu wanaume, mnajadili safari na simu, sawa. Angalieni na hela. Mwanamke asiye na shilingi yake anaweza kuambiwa yuko huru kutwa nzima, nauli ya kwenda huko kwenye uhuru hana.

FundiMaji

Dada, nimesoma mara mbili. Hilo la hela sikuligusa na ndilo zito. Kwetu yake ni yake na yangu ni yangu, kuna kopo moja la pamoja la chakula, ada na matibabu, kila mmoja anaweka. Mwezi mbaya kwake naongeza mimi, mwezi wa ziwa kufungwa yeye ndiye aliongeza karibu lote, na hakunifanya nijione mdogo. Hilo la mwisho sitalisahau.

---

WakiliPembeni

Naomba niongeze ya kisheria, maana watu wengi wanadhani kukabidhi hela na kupigwa ni "mila" na sheria imenyamaza.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali, ikiwemo ardhi. Kwa hiyo mtaji wa dada hapo juu ulikuwa wake kisheria tangu siku ya kwanza. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Kinawahusu wote, mume na mke. Na Katiba, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Haikuandikwa pale kwamba ukiolewa inakoma.

Lakini mleta uzi, kuna mahali sheria yenyewe inadai ridhaa. Kifungu cha 59: nyumba ya familia haiuzwi, haitolewi zawadi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzako, hata kama hati ina jina lako peke yako. Kwa hiyo usiseme ruhusa haina nafasi kabisa kwenye ndoa.

FundiMaji

Ahsante wakili, umenisaidia kunyoosha jambo. Nyumba tunalala wote, watoto wetu wanalala humo, kwa hiyo kuiuza ni uamuzi wa wawili. Mkopo mkubwa vivyo hivyo, kuzaa mtoto mwingine vivyo hivyo, kuhamia mji mwingine, kumleta ndugu akae nasi. Hayo hatuambiani tu, tunakubaliana, na mmoja akikataa halifanyiki. Ila miguu yake, marafiki zake, sala zake, biashara yake, nywele zake, hivyo ni vya kwake. Ugomvi mwingi naouona unatokana na mtu kuuza kiwanja kimya kimya, halafu huyo huyo anadai aombwe ruhusa ya kwenda saluni.

---

AbuUjiji

Assalaam alaykum. Nimefuatilia toka mwanzo. Mimi ni Mwislamu na katika dini yangu mke kutoka kwa idhini ya mume ni jambo linalofundishwa, sitalificha ili nionekane wa kisasa. Lakini nawaambia ndugu zangu wanaolishika hilo moja na kuacha mengine: Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Makka, misafara yake ilikwenda Sham, na Mtume alimfahamu kwa kuipeleka mali yake hiyo kabla ya kumwoa.

Kwangu mimi tulizungumza kabla ya nikahi. Aliniambia ana cherehani, ana wateja Ujiji na mjini, na atakuwa anawaendea. Nikasema nimeridhia. Idhini ile niliitoa mara moja mbele ya wazee na sijairudisha. Simngoji mlangoni kila asubuhi aniombe upya. Mume anayetoa idhini leo na kuichukua kesho kwa sababu chai imechelewa, huyo anatafuta wa kumtawala, dini anaisingizia.

FundiMaji

Wa alaykumu salaam ustadhi. Kwenye elimu ya dini wewe ni mwalimu wangu, sibishani. Tumetokea milango tofauti lakini naona mkeo na mke wangu wote wanakwenda kwa wateja wao wakiwa na amani. Na hilo la kuzungumza kabla ya ndoa vijana walichukue. Wengi wanajadili rangi ya sare za harusi kwa miezi, jambo hili hawaligusi hata jioni moja.

---

KasuluMoja

Shikamoo kaka fundi. Mimi niko Kasulu, nina mchumba, nampenda sana na nyumbani wanamjua. Amepata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma, miaka mitatu. Marafiki wananiambia nikimruhusu nimempoteza, huko kuna watu wenye hela. Wengine wanasema nimuoe kwanza ndipo aende. Nimruhusu au nifanyeje? Silali.

FundiMaji

Marahaba mdogo wangu. Pole, naijua hali hiyo ya kutolala.

Nafasi ile ameipata yeye, kwa kalamu yake. Haiko mkononi mwako kuitoa wala kuizuia, kwa hiyo swali la kumruhusu liweke chini kabisa, utaona hata kifua kinapungua uzito. Lililo mkononi mwako ni utakuwa mtu gani kwake miaka hiyo mitatu.

Kumuoa haraka ili umfunge asiondoke, usifanye. Kama ndoa mnaitaka wote wawili kwa sababu zenu, sawa. Lakini ndoa inayofungwa kwa hofu ya Dodoma itakwenda naye Dodoma ikiwa hofu. Utakuwa unapiga simu saa nne usiku kuhakikisha yuko chumbani, naye atakuwa anasoma huku anaangalia saa.

Mwambie ukweli wako: "Naogopa kukupoteza, na nataka uende." Yote mawili yaseme, usiseme moja. Kisha mkubaliane mambo ya kawaida kabisa: mtaongea lini, maana muhula wa mitihani hatakuwa na muda, na wewe usimhesabie. Ukipata nauli, treni ya kutoka Kigoma inapita Dodoma, kamtembelee kwa taarifa, usimvizie. Na wewe mwenyewe panga miaka hiyo mitatu ni ya kufanya nini. Kijana anayekaa bila lake la kufanya anageuka askari wa mchumba wake.

Anaweza kubadilika. Na wewe unaweza kubadilika. Sikuahidi kitu hapo.

MamaDagaa

Mdogo wangu wa Kasulu, nisikilize na mimi. Ukimzuia akabaki, kila ugomvi wa ndoa yenu kwa miaka thelathini utaishia hapo: "ningekuwa nimesoma". Hutaweza kumlipa.

---

MgenWaBangwe

Samahani mleta uzi, mimi sijawahi kuchangia, leo nimejiunga kwa ajili ya hili. Nyie mnaongelea waume wanaobana. Wangu habani kitu. Niende popote, nirudi saa yoyote, haulizi. Simu hashiki. Hela haulizi na hatoi. Nikimwambia kesho nasafiri anasema "sawa" huku anaangalia mpira. Mwaka jana nililazwa, alikuja jioni ya siku ya pili. Nikimlalamikia ananijibu, "Si nimekupa uhuru wako? Wanawake wengine wanaulilia." Nashindwa kumjibu. Ni kweli niko huru. Mbona nalia?

FundiMaji

Dada yangu, pole sana. Nimekaa na ujumbe wako tangu jana nikiwa kazini.

Unalia kwa sababu hupendwi kwa vitendo, na huyo mtu amechukua neno zuri akalifunikia uzembe wake. Ukiwa hospitali, mtu anayekupenda na kukuacha huru angekuwa kwenye benchi la wodi saa hiyo hiyo, na uji mkononi. Kukuacha huru hakujawahi kumzuia mtu kuja hospitali. Sheria hiyo hiyo ya ndoa aliyoitaja wakili inamtaka mume amtunze mkewe, kwa hiyo hata hiyo hela asiyoitoa siyo zawadi unayomwomba.

Mimi naona hivi. Kuna kuacha mkono wazi ili mtu aende na arudi, na kuna kuuondoa mkono kabisa. Mwenye wa kwanza anajua unasafiri lini, anakuuliza umekula nini, anakasirika ukipanda boti mbovu, anafurahi ukirudi mpaka unaona aibu mbele za watu. Anaumia. Ndiyo gharama yake, anaumia na hakutwishi maumivu yake. Mwenye wa pili haumii chochote, na ndiyo maana inamwia rahisi.

Mwambie unachotaka kwa jina lake, usiseme "unijali", ni neno pana atalikwepa. Sema: nikisafiri nataka unipigie jioni. Nikiumwa nataka uje siku hiyo hiyo. Kwenye chakula nataka uchangie kiasi hiki. Mpe nafasi ya kujibu. Akijibu kwa vitendo, mshukuru Mungu. Akisema tena "si uko huru", basi shirikisha wazazi au mtu mzima mnayemheshimu wote, na ikishindikana lipo baraza la usuluhishi la ndoa, wakili atakuelekeza.

WakiliPembeni

Nakazia. Dada, baraza la usuluhishi la ndoa kazi yake ya kwanza ni kuwapatanisha, na kwa kawaida mahakama haipokei maombi ya talaka kabla ya shauri kupita huko. Kwenda barazani hakumaanishi umeamua kuachana.

---

MwangaKatikati

Fundi, nimerudi. Nimesoma yote, ya yule dada wa Bangwe yamenichoma. Lakini nina swali moja na usinikwepe. Huyo Jane Goodall uliyemsifu, ndoa yake na yule mpiga picha si ilivunjika? Mmoja Gombe, mwingine Serengeti. Uhuru wenu huo ndio matunda yake.

FundiMaji

Sikukwepi kaka. Ni kweli, alioana na Hugo van Lawick mwaka 1964 na mwaka 1974 wakaachana. Kazi ya huyu ilikuwa huku, ya yule ilikuwa kule. Mwaka uliofuata aliolewa na Derek Bryceson.

Sikusema popote kwamba ukimwacha mtu huru atakaa milele. Kuna watakaoondoka. Uhuru ambao ndani yake hakuna mlango wa kutokea mimi siuiti uhuru. Lakini nihesabie na zile ndoa zilizovunjika kwa kubana, hapa hapa Mwanga tu, uzianze kwenye mtaa wako. Halafu hesabu na zile ambazo hazikuvunjika, mtu alibaki tu kwa sababu hana nauli, kama alivyosema MamaDagaa. Mimi mke wangu akiwa nyumbani nataka niwe na hakika ya kitu kimoja: yupo kwa sababu anataka kuwepo. Hakika hiyo wewe kaka huna, na huwezi kuipata kwa namna unayoishi, hata kama mkeo anakupenda kuliko wote. Naamini anakupenda. Mfungulie mlango ujionee.

MwangaKatikati

Sijakubali yote. Ila nitazungumza naye.

---

FundiMaji

Wakuu, mama watoto amerudi leo asubuhi, nimempa simu ausome uzi wote. Amesoma huku anachambua mchele. Anasema niandike haya, naandika kama anavyoyasema:

"Waambie umeandika kama vile wewe ndiye unayetoa na mimi napokea. Waambie na mimi nakuacha. Injini za watu zikifa usiku katikati ya ziwa unaitwa saa saba, unapanda mtumbwi gizani, na mimi sijui kama utarudi. Nilikuwa nataka uiache kazi hiyo tangu mtoto wa kwanza. Nilikwambia naogopa, ukaenda, nikabaki na hofu yangu. Mama yako unampelekea hela kila mwezi hata tukiwa na shida, sikuulizi kiasi. Ukirudi kazini kuna siku hutaki kuongea na mtu, unakaa nje kwenye kigoda, watoto wanataka kukufuata nawazuia. Wanawake wengine wanadhani mume akinyamaza ana mwanamke. Mimi najua umechoka, na hata kama si uchovu, utasema ukitaka.

Na yule dada wa Bangwe mwambie, kama anaweza, aje Kibirizi siku ya Jumamosi, aulize kwa wauza mawese. Tutakaa tuongee, mambo mengine hayaandikiki humu."

Amesema hivyo. Dada, ukiona ujumbe huu nitumie pembeni nikuelekeze tunapokaa. KasuluMoja na wewe tupe habari ukishaongea na mchumba wako.